Fundi wa Farasi wa Tano

Sikio la kulia la Fundi lilikuwa na sugu. Ilikuwa ndogo, ya mviringo, mbele kidogo ya tundu la sikio, na aliipata kwa kazi kama wengine wanavyopata sugu za viganja. Ncha ya bisibisi yake ndefu aliiweka juu ya injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, midomo ikawa inachezacheza kama ya mtu aliye katika nyiradi. Sisi madereva tulisimama pembeni kimya. Ungedhani tumemletea mgonjwa, na kwa kweli tulikuwa tumemletea.

Karakana yake ilikuwa Kisarawe, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Pugu na Dar es Salaam. Nasema karakana kwa heshima tu. Lilikuwa banda la makuti lenye nguzo sita, shimo la kuingilia chini ya gari, na benchi moja lililochoka. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Ufundi aliupata wapi ndiyo kabisa, maana kila aliyeuliza alipewa jibu lake, na majibu hayo hayakuwahi kukutana. Mimi nilimjua miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, nilipoanza kuendesha lori alilotuachia marehemu baba, nikaendelea kumjua mpaka kichwa changu kikaanza kuingia mvi. Jina lake nalijua. Kumtaja kwa jina naona uzito, kwa sababu hata mkewe alimwita Fundi.

Lori lile ndilo lililotulisha mimi, mama na dada zangu wawili. Hatukuwa na kingine. Alfajiri nilipakia mihogo, mafenesi, makaa na watu wenye mali hiyo, nikashuka nao mjini, na alasiri nikapanda nao tena mlima wa Pugu. Kushuka si kazi, hata jiwe linashuka. Kupanda ndiko kulikonitia aibu. Likijaa, lori langu lilipanda kwa gia ya kwanza, pole pole mno, hata abiria mwenye haja aliweza kuruka chini, akaingia porini, akamaliza shughuli zake na kutukuta kona ya mbele. Nisingejali sana, lakini Shomari, kijana wa rika langu tuliyesoma chuo kimoja cha Kurani, alipata lori jekundu lililotoka kutumika jeshini, akaanza kunipita mlimani huku akinipungia mkono. Abiria nao wakaanza kumchagua yeye. Nikaenda kwa Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Lina nini?"

"Halina ugonjwa. Nataka uliongeze nguvu."

"Kiasi gani?"

"Kiasi chochote unachoweza."

Akaweka kikombe chake cha chai chini. "Chochote ninachoweza mimi ni kingi kuliko kinachowezwa na lori lako," akasema. "Keti kwanza."

Ndipo nikapewa darasa ambalo baadaye nilimsikia akiwapa watu wengi, kwa maneno yale yale na vidole vile vile. Aliinua vidole vinne. Injini hii, alisema, tuseme aliyeiunda ameipa farasi wanne. Lakini ndani yake ameacha akiba. Hakuificha kwa ubahili. Aliiacha kwa sababu alijua kuwa siku moja wewe utakuja, na mzigo wako, na petroli yako ya dukani iliyochanganywa na mafuta ya taa, na jua hili letu. Sasa mimi fundi naweza kuichukua akiba ile kidogo. Akainua kidole gumba: "Farasi wa tano ni halali yako." Akaleta mkono wa pili, kidole kimoja. "Wa sita ni makuruhu. Sikukatazi, lakini ujue umefanya." Akaongeza kingine. "Wa saba ni haramu, na ukimtaka nenda kwa fundi mwingine, na usimwambie kuwa ulipita kwangu."

"Sasa utajuaje kuwa umefika wa tano?" nikamuuliza.

"Nitaiuliza injini yenyewe," akajibu.

Namna yake ya kuuliza ilikuwa hivi. Alifungua kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kile tunachokiita hedi, akakisugua kwa msasa juu ya kioo cha dirisha kwa siku mbili nzima, ili kipungue unene na moto ubanwe zaidi ndani ya silinda. Hakuwa na mashine. Alikuwa na kioo, msasa na subira. Kila baada ya muda alibandika donge la nta ya nyuki juu ya pistoni, akafunga kifuniko, akazungusha injini kwa mkono, akafungua tena na kuitazama nta ilivyobonyezwa. Nta ikibaki nene kama punje ya mtama, kazi iliendelea. Ikifika punje ya mchele, alisimama hapo hapo, hata kama wewe mwenye gari unamwomba akwangue mara moja tu zaidi. Kisha tulilipandisha mlimani likiwa na mzigo, yeye amesimama ubaoni nje ya mlango, bisibisi sikioni, akisikiliza kama kuna bisi. Bisi aliita ile sauti kavu ya haraka ambayo injini huitoa ikizidiwa, kwa kuwa inafanana na mahindi yanayopasuka kikaangoni. Juu ya mlima alichomoa plagi moja kwa kitambaa na kuitazama rangi. Nyeupe, injini inaungua. Nyeusi, inakula ovyo. Yeye alitaka rangi ya andazi lililoiva, na ya kwangu siku ile ilikuwa andazi kabisa. Alinionyesha kwa furaha, na mimi nikafurahi kuliko yeye.

Nikadhani tumemaliza, kumbe ilibaki kabari.

Hiyo kabari sijaiona kwa fundi mwingine yeyote, wala mjini. Kila injini aliyoiongeza nguvu, Fundi aliitilia kipande cha mti wa mninga chini ya pedali ya mafuta, kwenye sakafu ya mbao, ili mguu usiweze kukanyaga mpaka mwisho. Ya kwangu ilikuwa nene kama vidole viwili. Aliifunga kwa skrubu mbili, na alipomaliza kukaza alihakikisha kuwa ile mistari ya vichwani mwa skrubu zote mbili inatazama mbele, sawasawa na lori lenyewe. Nilidhani ni urembo.

"Nguvu nimeitia mimi," aliniambia, "ila kipimo chake ni cha mguu wako, na mguu wako bado siujui. Kila baada ya miezi sita njoo niitazame. Ukiwa mtu mzuri nitairanda kidogo."

Basi madereva wa njia ile tulikuwa tunaulizana habari za kabari kama watu wanavyoulizana habari za watoto. "Ya kwako imefika wapi?" "Kidole kimoja." "Mashallah." Aliyekuwa na kabari nyembamba alikaa mbele kwenye mkahawa, na wengine tulimwagizia kahawa. Mzungu wa boma angesikia asingetuelewa.

Lakini mtu asidhani Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa kipimo katika kila jambo. Chai aliinywa ikichemka, na ulimi wake sijui ulikuwa wa ngozi gani. Pilipili aliitafuna kama karanga. Kwenye bao alikuwa na pupa ya kutisha: kila akipata nafasi ya kula alikula, kete zake zikabaki uchi, na muuza kahawa ambaye hakujua hata kusoma alimfunga kila Ijumaa baada ya swala. Nikamwambia siku moja, "Fundi, hapa mbona huweki akiba?" Akanijibu bila kuinua macho: "Kete hazina pistoni."

Na alikuwa hajui kuendesha. Mtu aliyejua kusikia punje ya mchanga kwenye beringi alikuwa hawezi kurudi nyuma na gari hatua kumi bila kuua kitu. Ua wa jirani aliuangusha mara mbili. Mara ya tatu jirani mwenyewe aliufungua mapema, akasimama kando na kumwelekeza kwa mkono, "Pita tu, Fundi, pita." Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini, na yeye alishuka garini amenuna, akamkaripia kila mtu isipokuwa jirani. Pia ile methali kwamba haraka haraka haina baraka aliichukia. Alisema imeua injini nyingi kuliko mbio, kwa kuwa madereva waliokuwa wakijisifu kwa upole walipanda mlima kwa gia kubwa, injini ikitetemeka na kukohoa, na wao wanaona wanaihurumia. "Upole bila gia yake ni mateso," alisema. Mkewe, mwanamke mnene mwenye maneno, akadakia kutoka jikoni: "Injini za watu anazionea huruma, magoti yangu yanayopanda na maji kutoka kisimani hayajui." Kesho yake Fundi alionekana akipanda na ndoo mbili, saa ya jua kali, na sisi tukaangalia pembeni.

Kipande kimoja cha sifa yake kilitoka upande wa Kibaha. Huko kulikuwa na shamba la mkonge, na meneja wake, Mzungu kijana mwenye uso mwekundu, alikuwa na motokaa ya mbio, ya viti viwili, haina paa, rangi ya kijani. Ilikuwa ya mbio tangu kiwandani, lakini haikumtosha. Alikuja nayo mpaka Kisarawe kwa kuwa alisikia kuwa kuna mtu, na alitaka kushindana na wenzake huko mjini. Fundi alimpa darasa la vidole kama alivyotupa sisi, neno kwa neno, halali, makuruhu na haramu, na mpishi wa meneja akawa anatafsiri huku akitoa jasho.

"Anasema gari lake si lori," mpishi akasema. "Anasema limeundwa kwa ajili ya mbio."

"Mwambie ndiyo maana namhurumia zaidi," Fundi akajibu. "Lori aliyeliunda alimwogopa dereva, akaacha akiba kubwa. Gari hili aliyeliunda alimwamini dereva. Akiba yake kashaitumia mwenyewe. Hapa hata huyo wa tano ni nusu farasi."

Meneja alikubali ile nusu, na kabari aliikataa kwa kicheko. Ilipita kama miezi miwili. Tukasikia kuwa mjini amepata mtu wa kumpa nguvu zaidi, na kuwa alishinda mara ya kwanza, akashinda na ya pili. Kisha siku moja trekta la shamba likaingia Kisarawe linaburuta motokaa ya kijani kwa kamba ya mkonge. Pistoni moja ilikuwa na tundu ungepitisha kidole. Sisi tulijiandaa kumcheka, na Fundi akatuangalia kwa jicho ambalo lilitunyamazisha wote. Alimletea meneja maji ya kunywa na kumweka kwenye benchi, kivulini. Hakumwambia, "Nilikuambia." Ile pistoni yenye tundu aliiomba, akaitundika kwa waya mlangoni mwa banda, na kila aliyekuja kuomba farasi wa saba alionyeshwa kwa kidole tu.

Na mimi niliyekuwepo siku ile, niliyeiona pistoni ile ikining'inia kila nilipoingia, nilifanya la kwangu. Nalisema kwa sababu bila hilo huwezi kumjua Fundi.

Ilikuwa siku ya kuelekea Maulidi. Watu walikuwa wanarudi Kisarawe na mchele, nguo mpya, na mbuzi wawili. Nilikuwa na abiria wengi kuliko siku zote, na jua lilikuwa limekaa kichwani. Chini ya mlima wa Pugu nikamkuta Shomari na lori lake jekundu, naye amejaa. Akanichungulia dirishani. "Wewe endelea na kigogo chako," akasema, "sisi tutakuwekea pilau." Abiria wake walicheka, na wangu wengine pia walicheka. Nilishuka kama mtu anayekagua magurudumu, nikaingiza kisu, nikafungua skrubu mbili, nikaitia kabari mfukoni. Wakati ule ilikuwa imefika unene wa kidole kimoja. Miaka mitatu ya wema wangu ilikuwa mfukoni.

Kwa kweli lori lilikwenda. Nakumbuka furaha ile na siikani. Tulimfikia Shomari kona ya pili, tukalingana naye, wanawake nyuma wakapiga vigelegele, mbuzi wakalia. Hapo nikazisikia bisi. Zilianza moja moja, kisha zikawa nyingi. Nilizijua vizuri, nilijua maana yake, na mguu wangu nikauacha pale pale kwa kuwa vigelegele vilikuwa vitamu. Zikaendelea kwa muda wa kona moja. Halafu lori likapiga kishindo, likatoa moshi wa bluu, likasimama katikati ya mlima.

Abiria walishuka na kujitwika mizigo yao. Hakuna aliyenitukana, ingawa tusi lingenisaidia. Bibi mmoja mwuza mihogo, abiria wangu tangu siku za baba, alisimama mbele yangu akifunga kanga yake vizuri.

"Mwanangu," akasema, "mbona siku zote tulikuwa tunafika?"

Akaanza kupanda mlima kwa miguu, na gunia kichwani. Nimesahau mambo mengi ya siku zile, lakini mgongo wa bibi yule sijausahau.

Shomari ndiye aliyerudi kunivuta baada ya kushusha watu wake. Kabla hajafika niliirudisha kabari mahali pake na kukaza skrubu kwa nguvu zangu zote. Fundi alikuwa na kanuni moja iliyojulikana mpaka Maneromango: lori la mwongo haligusi. Nami niliona kuwa nikisema kweli nitaonekana mpumbavu, na nikidanganya nitatengenezewa. Hesabu ya mtu mwenye hofu huwa hivyo.

"Limezima lenyewe," nilimwambia.

Fundi alifungua mlango wa dereva, akainama, akatazama sakafuni kitambo. Baadaye sana ndipo nilipojua alichokiona. Mstari wa skrubu moja ulitazama mbele, na wa pili ulikuwa umelala upande.

"Kabari imeguswa?" akauliza.

"Haijaguswa."

Akafunga mlango taratibu. Akaenda kunawa mikono, kwa mchanga kwanza na kisha kwa sabuni, ingawa alikuwa hajashika kitu. "Basi siwezi," akasema. "Ugonjwa nisioambiwa ukweli wake sina dawa yake. Karibu chakula."

Hilo la chakula ndilo lililoniua. Angenifukuza ningekasirika na kwenda zangu. Siku nne lori langu lilikaa uani kwake, na siku nne kila nilipokwenda kuliangalia alinikaribisha kula, akaniuliza habari za mama, akanisogezea kipande kizuri cha samaki. Nyumbani mama alianza kupunguza kipimo cha unga. Dada yangu mkubwa akatoa vikuku vyake kwenye kasha, akavipangusa, akavirudisha, na nilijua anafikiria nini. Usingizi ulinipaa. Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta Fundi peke yake anapanga spana zake.

"Fundi, kabari niliitoa mimi. Kwa kisu."

"Hiyo moja," akasema, bila kugeuka. "Ya pili. Bisi ulizisikia?"

"Nilizisikia."

"Ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Akageuka sasa, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi. Maana nilianza kuogopa kuwa injini haikukuambia, na kama haikukuambia kosa ni langu, nimeisugua vibaya. Siku nne sijalala." Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama, tia chai. Huyu amepona, sasa tulitibu lori."

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu, na sikuona haya. Kilichonichoma ni kuwa siku zile zote nilidhani anasubiri kuniumbua, kumbe alikuwa anajishuku mwenyewe.

Pistoni yangu nayo ilikuwa imetoboka; ya kuibadili ilitoka kwenye lori bovu lililokuwa limelala nyuma ya banda, na kazi ilichukua wiki. Ile yangu yenye tundu nilijua itatundikwa mlangoni kando ya ile ya meneja, nikawa nimejiandaa kwa fedheha. Lakini mke wa Fundi aliichukua, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaigeuza chetezo cha kufukizia ubani. "Mbili mlangoni zitagongana," alisema. Kabari yangu ya kidole kimoja Fundi aliitupa kwenye moto mbele ya macho yangu, akakata mninga mpya, nene kuliko ile ya kwanza kabisa. Akafunga, mistari ya skrubu ikatazama mbele.

"Tunaanza alifu kwa ujiti," akasema.

Bibi wa mihogo alirudi lorini kwangu siku ya tatu. Alipanda, akakaa, akasema, "Haya, twende tufike." Shomari aliendelea kunipita kwa miaka mingine miwili, akinipungia mkono, nami nikampungia. Kisha lori lake jekundu likachoka, na siku moja alionekana kwenye banda la Fundi akihesabiwa vidole. Baada ya hapo tulipanda mlima pamoja, yeye mbele au mimi mbele, kufuatana na aliyewahi kujaza.

Fundi alikuja kuondoka Kisarawe macho yalipoanza kuingia ukungu. Mkewe alikuwa na shamba la urithi Kibaha, huko Pangani. Hii Pangani yetu, si ile ya Tanga. Wakahamia huko na kuku na minazi. Aliacha banda, benchi na shimo, na bisibisi ndefu akaondoka nayo. Tulikuwa tunamfuata huko huko kurandiwa kabari, mwanzoni kila miezi sita, kisha kila mwaka, kisha maisha yakatushika. Mara ya mwisho niliyokwenda ilikuwa imepita miaka minne bila kuonana, na nilikwenda na aibu yangu na kikapu cha mafenesi.

Nilimkuta barazani. Amepungua, macho yamekuwa meupe, lakini sikio halikuhitaji macho.

"Hilo ni lori la marehemu baba yako," akasema kabla sijazima. "Plagi ya tatu inataka kusafishwa. Karibu, dereva."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umechelewa."

Mkewe alitoka ndani, akanishika mikono yote miwili, akanisuta kwa ajili ya miaka minne, akanisuta tena kwa ajili ya mafenesi kuwa mengi. Ndani kulikuwa na harufu ya ubani. Nilichungulia, nikaiona pistoni yangu juu ya kijimeza, makaa ndani yake, moshi unatoka juu na mwingine unatoka kwenye lile tundu. Nilicheka peke yangu. Miaka mingi nilikuwa nimeionea aibu pistoni ile, na siku ile niliiona kama ndugu.

"Ilete," Fundi akasema.

Nikafungua skrubu na kumletea kabari. Ilikuwa imebaki nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na nilikuja na tumaini moja tu, ambalo nilikuwa nimelibeba tangu ujana: kwamba ataimaliza, na mimi nitaitwa dereva asiye na kabari, wa kwanza katika njia yetu. Akaiweka kiganjani. Akapitisha kidole gumba juu yake, pole pole, mara moja, mara mbili. Upande ule ndio unaokutana na pedali. Akasimama, akarudia mara ya tatu.

"Niliiranda lini hii?"

"Miaka minne, Fundi."

"Miaka minne, na bado ina meno ya randa yangu." Akanipa niiguse. Ilikuwa kweli. Juu ya mti ule kulikuwa na mikwaruzo midogo ya randa, mibichi kana kwamba imepita jana. Pedali ingekuwa inagusa pale, mti ungelainika na kung'aa. "Huu mti haujakanyagwa," akasema. "Mlima ule wote, miaka minne, na haujakanyagwa hata siku moja."

Sikuwa nimejua. Naapa sikujua. Nilikuwa nikipanda kila siku nikidhani kuwa kabari ndiyo inayonizuia.

Nilisubiri aseme kitu kikubwa, na yeye akacheka tu, kicheko kirefu kikavu kilichoishia kwenye kikohozi, huku akipangusa macho yasiyoona. Kisha akainama, akapapasa chini ya benchi tulilokalia, akaipachika kabari chini ya mguu mmoja uliokuwa mfupi. Akalitikisa benchi. Likatulia.

"Ilikuwa inanisumbua," akasema.

Tulikula wali na kuku, akanywa chai ikichemka, akafungwa bao na mkewe mara mbili na kudai kuwa kachezewa rafu kwa upofu wake. Jua lilipoanza kulegea niliaga. Alinisindikiza mpaka kwenye mnazi wa mwisho, mkono begani kwangu, na nilipowasha injini alitega lile sikio la sugu, kiganja nyuma yake.

"Nenda," akasema. "Nakusikiliza."

Nikaondoka. Chini ya pedali palikuwa patupu, matundu mawili tu ya skrubu, na barabara mbele yangu ilikuwa imenyooka. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama na mkono sikioni. Nikakata kona, mikorosho ikamficha. Sijui hata leo sauti ya lori ilimfikia mpaka wapi, kwa hiyo sikukanyaga pedali kwa nguvu mpaka nilipofika Kisarawe.